Pikapu Niliyoishusha kwa Ajili ya Mama

Ukishusha pikapu Garissa, watu wanadhani jua limekuingia kichwani. Huku kwetu gari huinuliwa. Unaongeza bledi mbili au tatu za springi nyuma, vile vyuma bapa vinavyobeba mzigo, ili tumbo la gari lipite juu ya mawe, kisha unapakia mbuzi, maji na nusu ya ukoo. Yangu ilikuwa hivyo. Ikiwa tupu, ilikurusha mpaka kichwa kikagonga paa.

Halafu mama akaanguka bafuni, nyumbani kwetu Waberi, akavunjika nyonga. Alipona akawa anatembea na mkongojo, lakini kupanda pikapu hakuweza. Siku za kliniki mimi na ndugu yangu tulimnyanyua, naye alifumba macho mpaka tumalize. Nilichukia kuyaona macho yale yamefumbwa.

Alikuwa akitamani kwenda Hadado kumwona dada yake mkubwa. Nilipomwambia nitampeleka, akanikatiza. Mama zetu humwita mtoto "hooyo", jina lile lile wanaloitwa wao.

"Hooyo, sitashushwa mbele ya watu kama kondoo. Nisipoweza kupanda na kushuka kwa miguu yangu, siendi."

Basi nikaenda kwa fundi, mtu wa Mwingi mwenye mdomo.

"Boss, watu wote huku wanaongeza bledi, wewe unatoa?"

"Toa," nikamwambia.

Akatoa bledi zote za ziada na moja ya asili, akalegeza na mbele. Gari likashuka karibu kiganja kizima. Mama akalizunguka, akashika mlango, akasema bismillahi, akaketi. Hakuna aliyemgusa. Nilijiona fundi kuliko fundi mwenyewe.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Kwenye lami sikuamini ni gari langu, maana lilikwenda laini, na mama alisinzia. Nyuma nilikuwa nimejaza mchele, sukari, tende na madumu ya mafuta, kwa sababu huwezi kwenda kwa wazee mikono mitupu. Nilivipanga mkiani kabisa, penye mlango wa nyuma, ili tukifika zawadi ziwe za kwanza kuonekana. Sifa, hakuna kingine.

Tulipoiacha lami kuelekea Hadado, mambo yakaharibika. Springi zilikuwa laini, ndiyo, lakini hazikuwa na nafasi ya kushuka tena. Kila shimo ekseli ilipanda ikagonga chesisi, fremu ya gari, ga! Mama alishika nyonga kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine, na midomo ikawa myeupe. Nikaogopa kwamba nimemleta mpaka huku nije kumvunja tena.

"Simamisha," akasema.

Nikadhani anataka turudi. Akashuka mwenyewe, akaenda nyuma na mkongojo wake, akaliangalia gari kwa muda mrefu, kwanza upande, kisha nyuma. Akabonyeza mkia wa gari kwa kiganja.

"Nani amepakia?"

"Mimi, hooyo."

"Ngamia ukimpakia hivi atalala njiani. Mzigo wote uko matakoni."

Nilikuwa nimesahau. Kabla hatujahamia mjini, kila mara familia ilipohama, wanawake ndio waliobomoa nyumba na kuipakia juu ya ngamia, miti, mikeka, vyombo na watoto wadogo, na mama alipakia tangu akiwa msichana. Sasa alisimama juani akinielekeza kwa ncha ya mkongojo. Mchele mbele, uegemee kabini. Madumu mawili kulia, mawili kushoto. Tende katikati, mkiani pabaki patupu. Akaniambia nipunguze na upepo wa matairi kidogo. Nilitii nikitokwa jasho, na mbele ya macho yangu mkia wa gari ukainuka.

Tukaendelea. Subhanallah! Mashimo yalikuwa yale yale, lakini gari liliyapita likiyumba taratibu, na ekseli ikagonga mara mojamoja tu. Nilimtazama pembeni kama mtu niliyekutana naye siku hiyo. Muda wote huo nilikuwa namnyanyua mwanamke huyu, na sikuwahi kumuuliza anajua nini.

Tulifika Hadado baada ya alasiri. Dada yake alikuwa nje na vijana wake wawili, wameshika mkeka wa kumbebea mgonjwa. Mama aliwazuia kwa mkono. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, ukafika mchangani bila shida, kisha wa pili. Akatembea.

Dada yake akaanza kulia. "Waliniambia huwezi kushuka tena kwa miguu yako."

"Walikudanganya," mama akasema, akacheka mpaka akaegemea bega la dada yake.

Tangu aanguke bafuni, sikuwa nimemsikia akicheka.