Siku Baba Alipowalimisha Wageni wa Harusi

Enzi zetu kule Usangu, mtoto hakuulizwa anapenda nini. Aliulizwa ng'ombe wako wapi. Sisi Wasukuma tulikuwa wageni pale. Baba yangu, Mzee Shija, alihama Shinyanga na mke, mifugo, ngoma na majembe, akaitazama ile mbuga, akasema, "Hapa panatosha," kana kwamba kuna mtu alikuwa amempimia. Watoto wa Kisangu walitucheka Kiswahili chetu, na sisi tukawacheka kwa kutojua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama aliendelea kuvianika hata baada ya sisi wote kuuzoea wali. Vigumu, jamani! Kipande ulichoanza kukitafuna darasa la tatu ulikimaliza la nne.

Tulicheza na ng'ombe wa udongo. Mimi ndiye niliyewafinyanga, nikawachora mabaka kwa mkaa, nikawapa majina na kuwaimbia sifa zao. Baba akirudi kutoka machungani alilikagua zizi langu kwa uso mkavu kabisa. "Huyu mwekundu hajala," anasema, nami nakimbia kuleta nyasi. "Na huyu mbona hana nundu? Umemnunua kwa nani?" Siku mvua ilipolipiga zizi na kundi zima likageuka tope, baba alikuja kunipa pole kama mfiwa, akaniambia nisikate tamaa, hata yeye ilishamtokea.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa msimu wa kulima. Kwetu hatulimi kimyakimya. Majirani wanakuja na majembe yao, wanajipanga mstari, mpiga ngoma anasimama mbele, na majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo wake. Wengine wanalirusha jembe juu na kulidaka. Tunaita bugobogobo. Mpiga ngoma mwenyewe halimi hata tuta moja, ila akinyamaza, shamba zima linasimama. Wa kwetu alikuwa mjomba Ndaki. Siku jino lilipomzidi katikati ya mstari akaiangusha ngoma, nikaiokota mimi, kasichana ka miguu myembamba. Hakuna aliyenikataza, maana majembe yalikuwa yameshapanda juu na yalitaka kushuka.

Shuleni mwalimu akatuuliza tutakuwa nani tukikua. Wenzangu wakataja rubani, daktari, mmoja padri. Mimi nikasema nitachora, nitashona, nitapiga ngoma na nitatangaza. "Chagua moja, Minza," akasema, "wenzako wanasubiri." Sikuchagua, na mpaka leo sijachagua.

Nilipokua nikapanga chumba Ilomba, Mbeya mjini. Nikachora mabango ya saluni, nikashona sare za kwaya, nikapamba kumbi, nikawa MC. Zipo harusi ambazo kadi nimechora mimi, gauni nimeshona mimi, maua nimefunga mimi, na anayewaambia wageni wakae ni mimi. Mimi niliona nimefanikiwa. Baba aliona aibu. Pale kwenye mnada wa ng'ombe wazee wenzake walitaja kazi za mabinti zao, huyu nesi, yule mwalimu, na zamu yake ikifika alikuwa anakohoa. Mwishowe akanipigia simu. "Mayu," akasema, maana Msukuma humwita binti yake mama, "nimechoka kukohoa. Nakuja kuiona hiyo kazi. Nisipoiona, tunarudi wote nyumbani. Kuna mtu mwenye ng'ombe wazuri ameshakuulizia." Nililia, sitaficha. Baba akisema tunarudi, tunarudi.

Alinikuta Iringa nilikoitwa kazini, kwenye harusi iliyofanyika nyumbani kwa kina bibi harusi, nje kidogo ya mji. Alishuka kwenye basi na jembe begani, kwa sababu baba haendi ugenini mikono mitupu. Abiria walikuwa wamebishana naye njia nzima tangu Nyololo wakitaka aliweke kwenye buti, akakataa. Turubai lilikuwa limefungwa pembeni ya shamba la mahindi lililokuwa bado halijalimwa. Baba wa bibi harusi, Mhehe mmoja mpole, akamsalimia, "Kamwene." Baba akajibu kwa Kisukuma, "Mwadila." Wakaelewana vizuri kabisa.

Akakalishwa mbele. Akanisikia nikitangaza. Akaonyeshwa mapambo, akaonyeshwa na gauni. "Vizuri," akasema. "Na kazi?" Nikashika ngoma kuwaingiza maharusi, na hapo ndipo baba aliposimama. "Ngoma inalia namna hii na watu wamekaa?" akauliza kwa sauti. "Na shamba lile pale?" Akavua viatu, akaingia shambani, akainua jembe juu, akanitazama.

Ningeacha kupiga, baba yangu angebaki peke yake mbele ya suti zote zile, jembe likiwa hewani. Sikuweza. Mkono mmoja ukipiga, wa pili nikashika maiki nikasema, "Ratiba inaendelea. Sasa ni kulima."

Mnawajua watu wa harusi. Ukishasema kitu kiko kwenye ratiba, hakuna anayeuliza. Mwenyekiti wa kamati akakunja suruali. Baba wa bibi harusi akafungua stoo, akagawa majembe huku akisema alidhani tumesahau. Matroni akainua mkia wa gauni, bibi harusi akachapa tuta, mpiga picha akapiga kelele, "Rudieni hilo, jua lilinipiga!" Shamba liliisha kabla ya keki. Mchungaji akafunga kwa sala, akaiombea ndoa, akayaombea na mahindi.

Baba alinijia akiwa na matope hadi magotini. "Nimeiona kazi," akasema. "Unalimisha." Tangu siku hiyo hajakohoa tena mnadani.

Siku hizi vijana kila mmoja kayaziba masikio kwa muziki wake, kinachotikisika ni shingo tu, na shingo hailimi. Usangu nako pawatila, vile vitrekta vya kusukuma kwa mikono, zimeingia, ile mistari haipo, mjomba Ndaki tulishamzika. Ila msimu ukifika baba hunipigia simu Ilomba: "Mayu, weka ngoma." Naiweka simu mezani napiga, nikijua majirani wamekusanyika. Mwaka huu nikamuuliza mama wako wangapi shambani.

"Wangapi tena, mwanangu? Pawatila imemaliza kote. Baba yako kaiambia imwachie kakona ka shamba alime kwa jembe. Yuko peke yake."

Sasa nikipiga natega sikio, na kweli nasikia jembe moja. Nikipunguza mdundo, nalo linapunguza. Mteja akigonga mlango namwambia asubiri, niko kazini.