Fundi Dari Aliyekatazwa Kutazama Juu

Watu walimwita Fundi Dari. Maisha yake ya kazi aliyapitisha juu ya jukwaa la mbao, shingo imepinda nyuma, misumari midomoni, akipigilia dari za watu. Jicho la kushoto liliharibiwa zamani na msumari ulioruka. Kwa hiyo retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, ilipobanduka katika jicho la kulia, nyumba nzima iliishi roho mkononi.

Daktari, mama mpole asiye na maneno mengi, aliirudisha retina mahali pake, akalijaza jicho mafuta ya silikoni ili yaikandamize isibanduke tena.

"Mzee wangu," alimwambia, "mafuta haya ni mepesi, hupanda juu siku zote. Ukiinama, yanakwenda nyuma kuishika retina. Ukitazama juu, yanakuja mbele, na huko mbele hatuyataki. Lenzi tumeitoa, hakuna cha kuyazuia."

Fundi aliitikia kwa adabu. Nyumbani akala ameinama, akalala kifudifudi.

"Baba watoto, umekuwa kama mtu aliyedondosha sindano," mkewe alimtania.

"Nikiiona nitakuita."

Lakini ukumbi wa shule aliouacha nusu ulikuwa ukimngoja, na shemeji yake, ambaye siku zote kazi yake ilikuwa kumshikia mbao, alikuwa amepigilia upande mzima ukaenda mshazari. Fundi hakuweza kuvumilia. Jicho halikumuuma, naye akadhani jicho lisilouma limepona. Akaaga kwamba anakwenda kuelekeza tu. Punde akawa juu ya jukwaa.

"Shemeji, si uliambiwa utazame chini? Huku juu umefuata nini?"

"Lete ubao. Dari haipigiliwi kwa kuinama."

"Dada yangu akijua, mimi ndiye nitakayepigiliwa!"

Wakacheka. Wakaendelea hivyo hata dari ikanyooka.

Kisha jicho likawaka. Likawa jekundu, taa zikazungukwa na duara za rangi, kichwa kikamgonga mpaka akatapika. Akarudishwa hospitali, daktari akachungulia kwa mashine yake. Mafuta yalikuwa yamekuja mbele, yakaziba njia ya maji ya jicho, na presha ya jicho ilikuwa imepanda mno. Matone na vidonge havikufua dafu.

"Presha hii inaua mshipa unaopeleka nuru kwenye ubongo," alisema daktari. "Tukiyaacha mafuta, utapofuka. Tukiyatoa mapema hivi, retina inaweza kubanduka tena."

"Kwa hiyo kote kote ni giza?"

"Kuyatoa kuna nafasi. Ni ndogo, lakini ipo."

Mkewe alishindwa kujizuia. "Ulikwenda kutazama mbao, ukasahau kwamba una wanao wa kuwatazama!"

"Nilitaka tu upande ule unyooke," alijibu Fundi, na maneno hayo yakamtia haya yeye mwenyewe.

Mafuta yakatolewa. Bandeji ilipofunguliwa, maumivu yalikuwa yamekwisha. Fundi aliona sakafu, akaona ndara za kijani za mkewe na pindo la gauni lake. Akafurahi. Akapandisha jicho amtazame usoni, akakuta pazia jeusi limeshuka kutoka juu.

"Mama watoto, nionyeshe uso wako."

"Si huu hapa, baba?"

Daktari akapima. Retina ilikuwa imebanduka upande wa chini, ule unaopokea vitu vilivyo juu yetu. Ilibidi mafuta yarudishwe siku ile ile.

"Safari hii yatashika?"

"Sijui, mzee wangu. Siwezi kukudanganya."

Daktari akatoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji. Fundi alijilaza kifudifudi bila kuambiwa, kichwa kikiwa ukingoni mwa kitanda. Mkewe alisimama kitambo, hajui la kufanya na mikono yake. Kisha akavua ndara, akaketi sakafuni, akajisogeza mpaka uso wake ukawa chini kabisa, pale ambapo pazia lilikuwa halijafika.

"Hapa je?"

"Hapo hapo," alisema Fundi. "Usiondoke."

Wakatazamana hivyo mpaka magurudumu ya machela yakasikika mlangoni.