Mume Wangu Anataka Sauti Yangu Ifutwe Kwenye Tangazo la Sigara za Magendo

Admin, jina langu lifiche kama unavyoficha ya wenzangu, ingawa watu wa Ipuli wakisoma mistari mitatu tu watanijua. Wanijue.

Nina miaka thelathini na sita, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni ushereheshaji: harusi, mahafali, kipaimara, popote panapotakiwa mtu wa kushika maiki. Mume wangu ana duka hapahapa Ipuli. Miaka kumi na moja ya ndoa hatujawahi kushtakiana kwa wazazi.

Mwaka huu kikundi kimoja cha sanaa kilipata kazi ya kuelimisha watu kuhusu sigara za magendo, zile zinazoingizwa kinyemela bila stempu ya kodi. Wakanitafuta niwatungie tangazo la kupita na gari la spika. Sikutaka yale ya "ndugu mwananchi, epuka." Nikatunga sigara inayobisha hodi. Mwenye nyumba anauliza, "Nani?" "Mimi, sigara." "Umetoka wapi?" Kimya. "Nani kakutengeneza?" Kimya. "Stempu yako iko wapi?" Hapo sigara inaanza kukohoa, inatoka mbio. Sauti zote mbili ni zangu. Gari likazunguka sokoni, stendi, Ntalikwa, mpaka minadani. Watoto wakawa wanaigiza mitaani. Nilijisikia mtu.

Jumamosi moja nilikuwa dukani namsaidia mume wangu kupima sukari, gari likaja likasimama mbele yetu. Mzee mmoja, mteja wetu wa siku zote, ndiyo kwanza alikuwa amepokea pakiti yake ya sigara. Sauti yangu ikauliza stempu iko wapi. Mzee akaigeuza pakiti huku, akaigeuza kule, akamtazama mume wangu: "Haya, mkeo anauliza. Mjibu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliichukua ile pakiti, nikaikagua. Haina stempu. Nikaingia stoo, nyuma kabisa ya magunia ya mchele nikakuta maboksi manne ya sigara hizohizo.

Tulipofunga duka akaniambia, "Umeniaibisha. Kesho nenda wakaifute hiyo sauti."

"Kilichokuaibisha ni sauti au maboksi?"

Akasema kila mtu anauza, na mimi mtoto wa mkulima wa tumbaku nisijifanye mtakatifu. Ni kweli, baba yangu alilima tumbaku Urambo, nimekua nanuka moshi wa bani la kukaushia majani. Na sijasema popote kwamba sigara yenye stempu ni dawa. Nayo inaua vizuri tu. Lakini baba hakuwahi kuuza kitu ambacho akiulizwa kilikotoka anatazama chini.

Mama mkwe akaja kutoka Puge. Nilipiga magoti, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akasema mwanamke hamwaniki mumewe barabarani. Nikamjibu kwa adabu, "Mama, tangazo nililitunga kabla sijajua ya maboksi. Ningejua, ningelitunga vilevile."

Mume wangu akasimama. "Basi chagua. Tangazo au mimi."

Nikaenda nikayaleta yale maboksi yote manne, nikayapanga katikati ya sebule mbele ya mama yake. "Na wewe chagua."

Aliyabeba, akaondoka na mama yake. Wiki ya tatu sasa yuko Puge. Anatuma ujumbe kwamba niende nikaombe msamaha mbele ya ukoo wao na tangazo lifutwe, ndipo arudi. Duka nafungua mwenyewe. Wapo wateja waliohama, wapo wanaokuja kunitazama tu. Mtoto wangu mdogo akitoka shule anamuulizia baba yake, na hapo ndipo roho inaniuma, maana yule mwanaume nampenda bado.

Kwa hiyo sikuja kuuliza kama ninyamaze. Atakayeniandikia ninyamaze sitamsoma. Ninachotaka kwenu ni hiki: nimfuate Puge nikazungumze naye, au nikae mpaka aje kwa miguu yake? Kikundi kimeniomba tangazo la pili, safari hii bango kubwa lenye sura yangu, litasimama barabara ya kuingilia mjini kutoka Nzega, hiyohiyo inayopita Puge. Nimeshasaini. Akiamua kurudi kwa wanawe, lazima apite chini yake.

Nipeni mawazo yenu, ndugu zangu, nishike lipi?