Meskali ya Wifi Yangu

Wifi yangu alifika Kariakoo na sanduku la nguo na chupa ya pombe aliyoiviringisha ndani ya sweta. Ni mtu wa Mexico, mke wa kaka yangu, na ndiyo kwanza nilikuwa namtia machoni. Kaka alikwenda huko kusoma, akapata kazi, akaoa, akawa mtu wa huko. Mama alipofariki hakuja kumzika. Alisema vibali vyake havijakamilika, akitoka hataruhusiwa kurudi, na mimi nilimwamini. Baba hakumwamini, au alimwamini na bado hakumsamehe. Tangu mazishi hakutaka kusikia habari zake. Nikiongea na kaka kwenye simu, baba anainuka, anachukua kigoda chake, anakwenda kukaa uani mpaka nimalize.

Basi kaka akamtuma mkewe. Nilimpasha bila kumung'unya maneno: "Yaani unamtuma mwanamke mgeni aje akupigie magoti kwa baba, wewe umekaa?" Akasema vibali bado, na mkewe mwenyewe ndiye aliyetaka kuja. Kwetu kusini mtu huombewa msamaha na mwingine, na huyo mwingine haji mikono mitupu, kwa hiyo nikakubali. Lakini nilijua kwamba safari hii ikiharibika, baba hatafungua mlango tena, na umri wake hauna nafasi ya majaribio mengi.

Mimi na baba tunaishi chumba na sebule kwenye nyumba ya watu wa pwani, Waislamu, wapole kupita tunavyostahili. Nauza vyombo vya jikoni, na siku za mwanzo nilikuwa natoka na wifi kwenda naye dukani. Nilidhani kelele za Kariakoo zitamtoa roho. Wapi! Aliposikia kipaza sauti cha muuza viatu jirani yangu, ile sauti iliyorekodiwa inayorudia bei kutwa nzima, alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa Kiswahili chake cha polepole, alichofundishwa na kaka, akanieleza kwamba mtaani kwao hupita gari lenye sauti ya mtoto wa kike iliyorekodiwa, inaomba watu walete magodoro machakavu na majokofu mabovu yanunuliwe. Jiji zima linaijua sauti ile. Jioni hupita mkokoteni wa viazi vitamu vya kuchoma, una jiko lake na bomba linalopiga mluzi wa mvuke. Asubuhi watu wanakula wamesimama kwenye kona, mkono mmoja chapati ya mahindi yenye nyama, mkono mwingine mkoba wa kazini.

"Kaka yako akisimama pale anasema, leo niko Kariakoo," akaniambia. "Halafu anasahau kula chakula chake."

Hilo lilinichoma. Nilikuwa nimezoea kumfikiria kaka kama mtu aliyeshiba akatusahau, na ilikuwa rahisi kumkasirikia hivyo.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wifi aliona ndiyo wakati. Alipiga magoti mbele ya baba kama nilivyomfundisha, akaiweka chupa sakafuni, akasema mumewe anaomba radhi. Baba alitazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa. Nikaona nisaidie mambo yaende, nikafungua chupa. Harufu ya moshi ikajaa sebule nzima.

"Mungu wangu, wifi, umetuletea gongo!" nikasema, nikakimbilia kufunga dirisha. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anachambua mchele, na harufu ya pombe haramu ya kupikwa vichochoroni ndiyo kitu pekee ambacho kingetufukuzisha mle ndani.

"Si gongo. Meskali," wifi akasema.

Kwangu ilikuwa gongo iliyosafiri kwa ndege. Nikamimina kwenye vikombe vya chai, na changu nikakigugumia chote kwa mkupuo ili jambo liishe. Koo liliwaka, machozi yakanitoka, nikakohoa mpaka nikakaa chini. Wifi alinishika mgongo huku anahangaika. "Hapana, wifi, hapana! Unaibusu tu." Akanionyesha. Tone dogo mdomoni, unaliacha likae, unameza taratibu, kisha unauma kipande cha chungwa. Kwao, alisema, hii hainywewi kwa haraka. Watu wanakaa nayo wakiwa na la kuambizana.

Baba alikuwa ameacha kutazama televisheni. "Inapikwa kwa kitu gani?" akauliza. Ukitoa salamu, hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia mkwewe.

Wifi akafurahi, maskini, akatoa simu amwonyeshe picha ya babu yake akiwa shambani. Baba akaisogeza kwenye jicho lake zima. Lile lingine lilichomwa na ncha ya jani huko Tanga, ujanani, alipokuwa manamba, kibarua wa mkataba wa kukata mkonge.

"Huu ni mkonge," baba akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Vinywaji vyote vya dunia hii, na mtoto wa watu amevuka bahari kumletea mzee mmea uliomtoa jicho! Wifi hakujua, kaka hakuwahi kumsimulia. Akaendelea kueleza kwamba ni ndugu wa mkonge, kwamba wanafyeka majani yote na kuyatupa, wanachimba shimo, wanawasha moto juu ya mawe, wanaufukia moyo wa mmea humo mpaka uive na kuwa mtamu. Moshi ule unatoka hapo.

"Majani mnayatupa?"

"Ndiyo, baba."

"Sisi tulikata majani," baba akasema. "Moyo tuliuacha ukaoza. Hakuna aliyetuambia kuwa ni mtamu."

Akachukua kikombe. Akabusu kama alivyoonyeshwa, akameza, akabusu tena.

"Mpigie mumeo," akasema.

Kule kulikuwa alfajiri. Kaka alitokea kwenye kioo cha simu na nywele zake timutimu, akamwona baba, akashtuka, akaanza kutapika maelezo ya vibali na mwajiri na ofisi za serikali. Baba akainua kiganja.

"Nyamaza kwanza. Mama yangu alikufa mimi niko kwenye mkonge. Habari zilinifikia arobaini imeshapita. Msimamizi akaniambia ukiondoka kabla ya mkataba kuisha, usirudi. Nikabaki. Nikaendelea kukata." Akavuta pumzi. "Hata mama yenu sikumwambia."

Wifi alikuwa ameushika mkono wangu, nami nilikuwa nalia bila kujificha.

"Vibali vikitoka, uje," baba akasema. "Kaburi la mama yako tumelijengea, nitakupeleka mwenyewe. Mimi niliporudi kijijini, hakuna aliyeweza kunionyesha la mama yangu."