Baraza Niliyoipaka Mafuta ya Papa

Laiti ningelikataa wazo lile lililonijia asubuhi moja, miaka ya hamsini, nilipokuwa karani kijana Mji Mkongwe. Kila alasiri marafiki walijaa kwenye baraza ya nyumba yangu kucheza karata, na sala ya Magharibi ikinipita. Kuikanya nafsi yangu kulinishinda, nikaona bora niiharibu baraza. Nikaipaka sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mashua, ili asikae mtu.

Jioni hiyo nilisali msikitini, safu ya mbele, nikabaki na uradi, najiona walii.

Niliporudi niliwakuta wazee wa Zuhura, binti niliyemposa, wamesimama mlangoni. Walileta jibu. Waliponikosa, walikaa barazani kunisubiri, kama ilivyo ada. Harufu waliidhani ya samaki wa jirani. Kanzu zao nyeupe zilikuwa zimeroa nyuma.

"Pole, mwanangu," alisema baba yake. "Una hasidi mkubwa wewe."

"Naam, bwana. Hasidi," nikajibu.

Bi Mwanaisha, jirani yangu, akachungulia dirishani. "Hasidi gani? Si wewe mwenyewe nlokuona asubuhi ukipaka? Ukanambia hutaki mtu akae kwako tena!"

Mzee alinitazama. "Asotaka watu barazani kwake," alisema polepole, "tutampaje mtoto?"

Zuhura aliolewa Chukwani. Mimi sikuoa kamwe. Baraza iliacha kunuka zamani, na hakai mtu hapo ila mimi.