Mwashi Aliyeona Mkono wa Pili Ukutani

Saa moja na robo asubuhi, Mama Timazi anafumba jicho moja. Amechuchumaa kwenye kona ya jengo la madarasa mawili, uzi wa kujengea umevutwa mbele yake, na anaukodolea lile jingine kana kwamba umemtukana.

"Nani kaweka hili tofali la nne?" anauliza.

Analing'oa, anakwangua udongo wa saruji, anapaka mwingine, analirudisha na kuligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko. Yamekwisha. Kazi inaendelea, na aliyeliweka tofali anajijua.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi ili kupima kama ukuta umesimama wima, nao wanaapa kwamba jicho lake halikihitaji. Yeye anasema huo ni uongo wa kijiweni. Timazi anayo na anaitumia kila siku, ila huitumia baada ya kuwa amekwishasema ukuta umelala, na hapo ndipo wanapochukia.

Ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita ameimalizia kwenye saiti. Kumi na moja ya mwanzo alikuwa saidia fundi: kuteka maji, kukoroga zege, kupandisha ndoo jukwaani kwa nusu ya ujira wa wanaume waliopandisha ndoo zile zile. Mwiko alipewa siku fundi mkuu alipougua na hapakuwa na mtu mwingine. Ukuta alioujenga siku ile bado umesimama. Akipata nafasi hupita njia ya huko makusudi, autazame tu.

Sasa mtu kama huyu alifikaje kwenye jopo la majaji wa tamasha la filamu za hali halisi na vipindi vya televisheni la kanda ya kaskazini? Swali hilo mumewe, ambaye ni fundi cherehani, aliliuliza kabla yangu. Barua ya mwaliko ilipofika aliisoma mara tatu, akahitimisha kwamba wamekosea anwani, au labda wanataka kujengewa ukumbi.

Hawakukosea. Tamasha hilo lina desturi yake: kati ya majaji watano, mmoja lazima awe mtu wa kazi za mikono ambaye hajawahi kushika kamera. Wanakiita kiti cha fundi. Kabla ya Mama Timazi waliwahi kukikalia mshona viatu, msusi na dereva wa gari la wagonjwa. Wote walipiga kura upande wa wengi, wakashukuru, wakaenda zao. Kiti kilikuwa pambo, na tuseme ukweli, sisi waandishi tulikuwa tukikiita hivyo bila aibu.

Kwa siku nne Mama Timazi naye alikuwa pambo zuri. Filamu thelathini na saba, chumba chenye mapazia meusi, viti laini kupita kiasi na kiyoyozi cha kuumiza mabega. Aliandika kwenye daftari la shule, hakusema kitu. Jaji mwenzake, mpigapicha wa miaka mingi, alimwonea huruma akawa anamfafanulia kila jambo, hata yale yasiyohitaji kufafanuliwa. Yeye alimwitikia "ehee" kwa adabu. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya tano ikaonyeshwa filamu iliyokuwa ikisubiriwa na kila mtu. Ilimhusu mzee mmoja aliyejenga nyumba yake peke yake, tofali kwa tofali, kwa miaka saba, baada ya kupoteza kibarua. Picha zilikuwa nzuri, muziki mzuri, na mzee mwenyewe ana uso ambao huchoki kuutazama. Ilipoisha, mwenyekiti wa jopo, mhadhiri mstaafu wa utangazaji, alikuwa anafuta miwani, wala si kwa sababu ya vumbi. Kura nne za tuzo kuu zilikuwa tayari. Akamgeukia Mama Timazi kwa heshima tu, akamuuliza kama ana neno.

Alikuwa nalo. Aliomba picha irudishwe nyuma, pale mzee anapoegemea ukuta, kisha isimamishwe hapo. Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye skrini, akaweka kidole.

"Ukuta huu haukujengwa na mtu mmoja," alisema. "Mzee anashika mwiko kwa kulia, nimemwangalia mwanzo mpaka mwisho. Kozi hizi za chini, hizi safu za matofali, ni zake. Hizi za juu, aliyezijenga ana shoto."

Nyumba ile haikuwa imepigwa lipu, matofali yalikuwa wazi. Fundi anapokata udongo unaozidi kati ya tofali na tofali, mwiko huacha mikwaruzo inayolalia upande mmoja. Mwenye shoto huilaza upande wa pili. Mimi na wewe tungeona ukuta tu. Yeye aliona miandiko ya watu wawili.

Mpigapicha akasema labda jirani alikuja kusaidia siku moja. Mama Timazi akahesabu kwa sauti safu za matofali zenye mikwaruzo ya kushoto, zikawa kumi na nne, akauliza ni jirani gani huyo wa kozi kumi na nne. Jaji mwingine akatabasamu na kukumbusha kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na fundi uashi hawezi kuona filamu, ataona ukuta. Wawili wakacheka.

Hapo, anakiri Mama Timazi, alikitazama kiti chake. Angeweza kurudi kitini, kusaini, na kwenda nyumbani na cheti chake.

"Nikawaza, kuna mtu kapanda jukwaani miaka na miaka, halafu tuzo inatolewa kwa kusema hakuwepo," anasimulia. "Mimi nikikaa, nani tena atamwona? Wenzangu wanaona picha."

Hakukaa. Alikataa kusaini, na kanuni zinataka saini tano. Mwenyekiti angeweza kukasirika, lakini mzee wa watu alifanya la maana: alimpigia simu mwongozaji wa filamu palepale, majaji wote wakisikiliza.

Mwongozaji akasema mwenye shoto ni mke wa yule mzee. Walijenga wote miaka yote saba. Picha zake zipo, ila aliziondoa wakati wa kuhariri kwa sababu hadithi ya mtu mmoja inashika zaidi. Hakuwa na nia mbaya, akasema.

"Mwanangu, nakuamini," Mama Timazi alimjibu. "Lakini mama wa watu umemtoa nyumbani kwake."

Tuzo kuu ilikwenda kwa filamu fupi kuhusu wasoma mita za maji, kwa saini tano. Yule mwongozaji hakununa. Siku mbili baadaye, mchana wa kufunga tamasha, alileta filamu yake nje ya mashindano, ikiwa imerudishiwa dakika kumi na moja. Na mama mwenyewe alimleta.

Ni mama mfupi wa miaka sitini na ushei, aliketi safu ya mbele na mkoba magotini. Kwenye skrini akatokea yuko juu ya jukwaa, mwiko mkono wa kushoto, anamgombeza mumewe kwamba kozi yake imepinda. Ukumbi mzima uliangua kicheko, kisha ukasimama. Wa kwanza kusimama alikuwa mumewe. Tangu mwanzo, aliwaambia watu, alimweleza yule kijana mwongozaji kwamba nyumba ni yao wawili, akadhani pengine filamu ndivyo zilivyo. Nilikuwepo. Nililia, sitaficha.

Mwenyekiti naye alisimama mbele ya wote akamshukuru Mama Timazi, akaomba radhi kwa kile kicheko cha chumbani. Tamasha limemwomba arudi mwakani, na sasa filamu yoyote inayohusu kazi itapita kwanza kwa mtu anayeifanya kazi hiyo. Kuhusu mume wa Mama Timazi, yule fundi cherehani, hampimi mteja kiuno bila kumwarifu kwamba mkewe ni jaji, hata asiyeuliza.

Lakini mwezi ujao, madarasa yakishaezekwa, Mama Timazi ana safari. Mama wa kwenye filamu amepata saruji kutoka kwa watu waliokuwa ukumbini, mabega yake hayana nguvu tena, na amemwomba aje wapige lipu pamoja. Amekubali, ingawa kuna jambo moja wamebishana kwenye simu wiki nzima.

"Ndani tutapiga lipu vizuri, walale bila vumbi," anasema. "Lakini nje, zile kozi zake kumi na nne, hazifunikwi. Nimemwambia, dada, ziache wazi kila anayepita azione."