Kesi ya Mafundo ya Mwani

Mimi Chiku binti Chome sijawahi kufunga mvua. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wako watu wanaopita mbele ya nyumba yangu hapa Msambweni, wakatazama mawingu, kisha wakanitazama mimi.

Nilizaliwa Mwabungo. Baba alikuwa akichonga mipini ya majembe, na kama mpini ulimtoka vibaya aliuvunja mwenyewe kabla mteja hajauona. Mimi nimemrithi yeye, si mama, mama alikuwa mpole. Nikaolewa huku Msambweni. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa hoteli Diani, akija nyumbani mwisho wa mwezi ananukia siagi. Watoto watano, Amin ndiye kitinda mimba. Kusoma nilisomea ukubwani, darasa la ngumbaru, miezi minane, nikaacha siku mwalimu aliponiambia nashika kalamu kama mwiko. Nikamwambia mwiko umelisha wengi kuliko kalamu yake. Lakini jina langu naliandika, na gazeti nalisoma ikiwa herufi ni kubwa na hakuna anayeniharakisha.

Kazi yangu ni mwani. Kwa asiyeujua, mwani ni mmea wa baharini. Twauchukua vitawi vidogo, twavifunga kwenye kamba, kila kitawi na fundo lake, kisha kamba twainyoosha baina ya vigingi tulivyovipiga chini, na chupa tupu za plastiki twazifunga ili ielee. Maji yakijaa mwani unakua. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, twaingia kwa miguu kuutunza. Baada ya wiki sita twavuna na kuanika, mnunuzi anakuja, na mwingine twaupikia sabuni. Tulikuwa wanawake kumi na saba kikundini. Mwenyekiti mimi. Kura haikupigwa, kwani hakuna aliyesimama kushindana nami.

Sasa, mwaka ule vuli haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Na watu wakiwa na njaa hutafuta wa kumlaumu, hapo ndipo alipoingia Swabir.

Swabir ana kipindi chake kwenye simu, chaitwa Pazia Wazi, kila Ijumaa alasiri. Huvaa miwani myeusi hata akiwa ndani ya nyumba. Alikwisha kusema minara ya simu hunyonya usingizi wa watu, na kwamba chini ya bahari yetu wazungu wamechimba barabara. Watu laki mbili humtazama. Mimi sikuwa mmoja wao, ila Subira, jirani yangu na mwenzangu kwenye kamba, alikuja mbio na simu mkononi.

"Dada Chiku, umo humu!"

Nikatazama. Ilikuwa pwani yetu kutoka juu, ameipiga picha kwa kile kindege kidogo cha kamera. Kamba zetu zimenyooka vizuri, nikafurahi kuziona. Kisha sauti ikaanza: "Mwanamke huyu, Chiku binti Chome wa Msambweni, analipwa na mahoteli ya Diani afunge mvua, ili watalii wapate jua. Tazameni mafundo, ndugu zangu! Elfu tatu! Kila fundo ni wingu moja!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Kila fundo wingu! Kumbe mimi tajiri, Subira, nami natembea na ndara zilizokatika!"

Subira hakucheka. Alikuwa akiniangalia mikono.

Bamvua iliyofuata tuliingia baharini watu wanne. Iliyofuata, wawili. Subira alisema goti lamuuma. Kisha nikawa peke yangu, nashika kamba kwa meno upande mmoja na kufunga kwa mikono upande wa pili.

Jirani yangu Alfani, ambaye shamba lake limepakana na uwanja wangu, alikuja akasimama mbali, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba. Mbona wasimama huko kama mdai?"

"Bi Chiku, mimi sitaki maneno. Nifungulie fundo moja tu. La upande wa shamba langu."

"Alfani! Ningekuwa na mvua, ningekwenda kupanga foleni ya maji kwenye bomba pamoja na mkeo?"

Akafikiri. "Labda ni hila, tusikushuku."

Na hao walikuwa walioniogopa. Walionipenda walikuwa wabaya zaidi. Alikuja binti mmoja, Fridah, aliyevaa viatu virefu vikazama mchangani, kazi yake ni kupanga harusi za wageni Diani. Akataka siku mbili kavu, Ijumaa na Jumamosi, bibi harusi anatoka ng'ambo. "Sema bei yako, shosho."

"Shosho ni bibi yako huko kwenu. Mimi ni Bi Chiku. Na mvua ni ya Mwenyezi Mungu, kamuulize bei yake."

"Basi hata Ijumaa peke yake?"

Nikanyanyua ufagio. Alikimbia na kiatu kimoja. Cha pili nilimtumia kesho yake, mimi si mwizi.

Mwanangu Amin hakuona la kuchekesha. Ana duka la vyuma Ukunda, alikuja kwa pikapu tupu, nikajua amekuja kunibeba. "Mama, wako wazee waliokatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko haya. Utahamia kwangu."

Kwake ni ghorofa ya tatu, dirisha latazama ukuta. Ukitaka kujua kama kumekucha waangalia saa.

"Nikihama," nikamwambia, "watasema mchawi amekimbia. Nitamshitaki."

"Nani?"

"Huyo wa miwani."

Tulibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwisho tukapatana, na niliapa: nikishinda kesi, nabaki nyumbani kwangu na baharini kwangu, nikishindwa, napanda pikapu bila neno. Amin alitabasamu. Aliona ameshinda tayari.

Shirika moja linalosaidia wasio na uwezo lilinipa wakili, Monicah, msichana wa bara, mdogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilimtuma akaniitie wakili. Akacheka, akafungua faili. Yule alikuwa na ubongo kama wembe. Akanieleza: "Bi Chiku, kukuharibia jina ni kosa. Lakini yeye atasema aliamini kwa moyo safi, na alikuwa akiwatetea wakulima. Tukionyesha alijua ni uongo, amekwisha. Tatizo ni kwamba hatuwezi kumpasua kichwa tuangalie."

"Pwani hatupasui vichwa," nikasema. "Twaangalia miguu na mikono."

Swabir alipopata barua yetu alituma wazee wawili, doti ya kanga na bahasha. Yaishe kimyakimya, walisema, ataniomba radhi hapa hapa uwanjani. Kanga zilikuwa nzuri, sitadanganya, za rangi ya zambarau. Nikazikunja nikawarudishia. "Alinitukana mbele ya watu laki mbili, aje kuniomba radhi mbele ya kuku wangu?"

Kwale mahakamani nilivaa buibui yangu mpya. Swabir alikula kiapo, na hakimu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akamwambia avue miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, nikashangaa.

"Mheshimiwa," akasema, "niliamini kabisa, na bado naamini. Mimi ni mtoto wa pwani. Bibi yangu wa Mwabungo alinifunza: kamba iliyofungiwa jambo haiguswi. Ukiigusa, mkono hukauka."

Watu wakanong'ona, maana hilo ni kweli husemwa. Hata mimi nilimsikia bibi yangu akilisema. Nilimwona Amin kwenye benchi akitazama saa, nikajua ameshaanza kupanga pa kuweka kitanda changu.

Ndipo wakili wa Swabir, kwa werevu wake, akaomba mahakama iende baharini ijionee mafundo yale kwa macho. Alidhani hakimu akiyaona, elfu tatu yamejipanga, atatishika. Hakimu akakubali, akapanga saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu.

Nikasimama. "Mheshimiwa, saa tatu maji bado. Na Jumatatu si bamvua. Njooni Alhamisi, saa nne na nusu."

"Mama, mahakama ndiyo hupanga saa."

"Bahari haijaletewa hati yenu, mheshimiwa."

Monicah alinivuta buibui. Lakini hakimu aliandika: Alhamisi, saa nne na nusu.

Siku hiyo Msambweni nzima ilikuwa pwani. Wauza mihogo walipanga meko tangu alfajiri. Hakimu alivua viatu akavishika mkononi, karani nyuma yake na daftari kichwani, Monicah amepandisha suruali magotini akipiga kelele kila akikanyaga jongoo bahari. Wakili wa Swabir alibaki kwenye mwamba mkavu, akasema anasikia vizuri kutoka pale. Swabir mwenyewe alivaa mabuti ya mpira, akitembea mbele, akionyesha kidole: "Tazameni! Tazameni mafundo!"

Nilikuwa nyuma yake. Mimi nimetembea juu ya miamba iliyo chini ya maji pale miaka mingi, najua palipo na utelezi, na kweli ningeweza kumwambia. Sikuambiwa niseme.

Buti la kushoto likaenda. Swabir akapiga mikono hewani kama kuku, na mara akaikamata kamba yangu, mikono miwili! Akaivuta kifuani, akaikumbatia, akabaki ananing'inia, mwani umemwagika kichwani kama nywele za bibi harusi.

Pwani yote iliangua kicheko. Lakini mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwisha kuona.

"Mheshimiwa!" nikapiga kelele. "Naomba huyu aulizwe, mkono umekauka?"

Kicheko kikakatika. Hakimu akageuka.

"Nilikuwa naanguka!" Swabir akasema, bado amekumbatia kamba.

"Anayeanguka hashiki nyoka, mwanangu. Hata akiwa anatumbukia kisimani. Wewe uliapa kamba hii haiguswi. Yule pale Alfani anaamini kweli. Muangalieni aliposimama!"

Wote wakamtazama Alfani. Maskini, alikuwa hatua kumi kutoka kamba ya karibu, mikono ameificha kwapani.

"Alfani," nikamwita, "nakupa mwani wote wa kamba hii, njoo uishike."

"Siishiki, Bi Chiku! Hata unipe na nyumba!"

Monicah alisahau majongoo yote, akasonga mbele ndani ya maji. "Bwana Swabir, umeishika dakika ngapi sasa?"

Ndipo alipoiachia. Alijitazama mikono, na nawaambieni, hakuitazama kama mtu anayeogopa kukauka. Aliitazama kama mwizi aliyekutwa na kuku. Wakili wake kule mwambani alianza kukunja suruali, ashuke au aondoke, hakujua. Hakimu akamwambia karani: "Andika kama lilivyotokea." Karani akaandika daftari likiwa juu ya mgongo wa Monicah, kwa kuwa meza haikuwapo.

Hukumu tuliingoja wiki tano. Katikati, masika yakaja kwa wakati wake, mvua ya kujaza ndoo. Alfani akaniletea mkungu wa ndizi.

"Ahsante kwa kufungua, Bi Chiku."

"Sikufungua chochote! Chukua ndizi zako!"

"Sawa sawa, hukufungua," akasema, akanikonyeza, akaziacha mlangoni.

Mnaona? Ndiyo sababu nilitaka yasemwe hadharani. Mvua ingenitakasa leo, na kiangazi kijacho nikarudi kuwa mchawi.

Hakimu alisoma kwamba Swabir alijua anachosema ni uongo, kwa kuwa mtu haikumbatii hofu yake. Akaamuru anilipe fidia. Hiyo nilimwachia Amin, mimi nilikuwa nangoja lile jingine. Nalo lilikuja: aombe radhi kwenye kipindi chake chenyewe, Ijumaa alasiri, akiwa amesimama pale pwani aliponipigia picha, nami niwepo niridhike na maneno.

Akaja. Bila miwani. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekaa mchangani, Subira katikati yao, kanga ameivuta usoni. Swabir akawasha simu yake, akasoma karatasi haraka haraka kama anayekimbizwa.

"Simama," nikasema. "Uongo uliusema polepole, kwa madaha. Na hiyo radhi iseme hivyo hivyo."

Akasoma tena, polepole. Mimi Swabir nilisema uongo juu ya Bi Chiku.

"Chiku yupi? Wako Chiku sita Msambweni. Siku ile ulilijua jina la baba yangu."

Mara ya tatu akasoma: "Mimi Swabir nilidanganya juu ya Bi Chiku binti Chome. Hafungi mvua. Hajawahi. Yeye ni mkulima wa mwani, na mafundo yale ni ya mwani."

"Nimeridhika," nikasema mbele ya watu laki mbili. Na nilikuwa nimeridhika kweli, mpaka miguuni.

Subira alinyanyuka. Akaja, akanishika mikono ile aliyokuwa akiiogopa.

"Goti limepona?" nikamuuliza.

"Nisamehe, dada."

"Kamba ishirini zimelegea. Kesho bamvua. Njoo na kisu chako."

Wenzake wakapiga vigelegele. Nyuma yao Amin alikuwa ameegemea pikapu. Alikuja nayo, kama kawaida yake, endapo nitabadili nia. Mmoja mmoja wale wanawake walikuwa wakijisogeza, huyu aulizia mbegu, huyu aulizia kigingi chake kama bado kipo. Nikawahesabu: kumi na sita, na mabinti wawili wapya.

"Mama," akasema Amin, "sasa hii gari irudi tupu?"

"Nani kasema? Iende Ukunda ikaniletee kamba. Hizi nilizo nazo hazitatosha."